Mpaka Ardis Amalize Picha

Ardis Nygaard alipanda farasi kabla hajajua kusoma, na hilo si la kujisifia, maana huku kaskazini mwa Montana kila mtoto yuko hivyo. Lililomtenga na wenzake ni kwamba akishuka tu kwenye farasi aliokota kipande cha mkaa pale walipokuwa wakipashia moto vyuma vya kuwachapia ng'ombe alama ya ranchi, akaanza kuchora. Alichora kwenye mlango wa banda, kwenye magunia ya shayiri, hata kwenye kitako cha ndoo. Siku moja alichora ng'ombe kwenye ubavu wa ng'ombe. Baba yake, mzee Halvor, alimtazama yule mnyama mwenye mnyama ubavuni, akakohoa, akaenda zake kufunga lango. Msimlaumu. Watu wa nyika hii hatuna mazoea ya kusifu. Mtu anaweza kuoa, akazaa, akajenga nyumba ya ghorofa, na majirani wakaja wakanywa kahawa yake wakaondoka bila kusema lolote ila kwamba upepo leo umezidi.

Ardis ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Leland alizaliwa baadaye sana, wazazi walipokuwa wameshakata tamaa ya mtoto wa kiume. Dada ndiye aliyemfundisha mdogo wake kukaa juu ya tandiko, kusoma mawingu, kumvuta ndama aliyekwama tumboni mwa mama yake. Leland mwenyewe hakatai. Lakini huku kwetu ardhi hufuata suruali, na ingawa Ardis alivaa suruali kila siku ya Mungu, ya kwake haikuhesabika. Mzee Halvor alipoanza kuishiwa nguvu alimwita Leland mezani, akamwambia ranchi ni yako. Ardis alikuwa pale pale anawamiminia kahawa. Alimimina mpaka mwisho bila kumwaga tone. Yeye alipewa farasi mmoja, Nyegere, na tandiko lake, na huyo farasi ungempeleka wapi, mjini?

Akaenda mjini bila farasi. Huko Saint Paul alipata kazi ya kuichorea kampuni moja ya mbegu: nyanya, maboga, mahindi yenye mashavu. Alifanya vizuri, mkate haukumpungukia. Lakini alikuwa na hamu ya nyumbani, hamu ile ya kuuma tumboni kama njaa, na hakukuwa na chakula cha kuituliza. Dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali. Akirudi kazini alikaa mbele ya dirisha hilo akachora nyika, kutoka kichwani tu, hana cha kutazamia. Alichokosa kukimiliki alikichora. Watu wa mjini wakazinunua picha zile, wakamwandika gazetini, wakamwita binti wa ranchi. Yeye alizikunjia uso zote. Alijua kwamba hazikuifikia nyika yenyewe.

Kila kiangazi kilipoingia, kazi ya kuchapa ndama ikikaribia, alirudi. Hilo halikuwa na mjadala. Na akishashuka kwenye basi pale Brandvold, kabla hata ya kunywa maji, alimtandika Nyegere akaenda moja kwa moja mpaka Kaskazini.

Kaskazini ndivyo tunavyouita ule upande wa ranchi ya kina Nygaard ambao haujawahi kuguswa na plau. Babu yao aliuacha kwa sababu ya uvivu, baba yao aliuacha kwa sababu aliupenda, ingawa alikufa bila kulisema hilo. Ni nyasi tu. Nyasi fupi zilizoshikana mizizi chini tangu nyati walipokuwa wakizikanyaga, tangu kabla babu zetu hawajaja wakasema hii ni yetu. Hakuna mti. Mgeni hupita pale akauliza mandhari yako wapi.

Basi ukaja ule mwaka bei ya ngano ilipopanda mpaka watu wakapandwa na wazimu. Kila mtu alikuwa analima. Walilima vilima, walilima kando ya makaburi, wangelima sebuleni kama wake zao wangewaruhusu. Siku ya kuchapa ndama kwa kina Nygaard, kazi ilipokwisha, majirani wakakaa uani kula: nyama, maharage, chapati za viazi za Kinorwe zilizopakwa siagi na sukari. Nguo zinanuka moshi wa manyoya. Jirani yao Oskar Fjeld, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika hata akilala, ndiye aliyeanza.

"Leland, nasikia umenunua plau la kutisha. Unataka kulima nini, kipara chako?"

"Kaskazini," Leland akasema, kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Tukishakata majani ya mifugo, naingia."

Ardis akaliweka birika chini. "Huwezi."

"Naweza, dada. Ni yangu."

Vicheko vikakatika.

"Lee, maji yakimwagika hayazoleki. Ukishazipindua zile nyasi hazirudi. Hutaziona wewe, wala wajukuu zako."

"Nyasi hazilipi benki."

"Baba hakuzigusa!"

"Baba hakuiona bei hii. Na wewe uko Saint Paul unachora maboga. Asiyekuwapo na lake halipo, dada yangu."

Lo! Hilo lilimchoma. Hata Oskar aliacha kutafuna. Leland mwenyewe aliona kwamba amempiga dada yake mahali pabaya, tena mbele za watu, na kwa kuwa hajui kuomba radhi, akafanya wanavyofanya wanaume wa huku: akapendekeza biashara.

"Sikiliza basi," alisema. "Miaka yote unawachorea watu wa mjini. Hiyo Kaskazini yenyewe hujawahi kuichora ukiwa umeikalia. Ichore. Picha moja, kubwa, iwe ndiyo yenyewe. Ukimaliza, nalima. Wewe utakuwa na picha yako, mimi ngano yangu, kila mtu na lake."

"Mpaka nimalize?"

"Mpaka umalize."

"Ngojeni kwanza, ngojeni," Oskar akadakia, huku ananyanyua mfupa kama hakimu. "Nani atasema imekwisha? Ardis mjanja huyu. Na wewe Leland una haraka. Mseme wote wawili, asije mmoja akamla mwenzake."

"Wote wawili, sawa," Leland akasema. "Kwani kuna ubishi? Kitu kilichokwisha si kimekwisha?"

Wakapeana mikono, mikono ile ile yenye damu na majivu na manyoya ya ndama, mbele ya majirani. Mkono uliotolewa siku ya kuchapa, kwetu sisi, hauna kamba ya kuurudisha. Unaweza kumkimbia mwanasheria, lakini mwaka unaofuata utawahitaji watu wale wale wakushikie ndama, na wote watakuwa wanakumbuka.

Ahadi ni deni, lakini Leland hakujua amekopa nini. Alifanya kosa ambalo mfugaji tu angelifanya: alidhani picha ni kama seng'enge. Unachimbia nguzo, unavuta waya, ukifika kwenye pembe umemaliza, unarudi nyumbani kula. Akahesabu moyoni kwamba kabla ya vuli atakuwa juu ya trekta.

Vuli ikaja. "Bado," Ardis akasema.

"Bado?"

"Bado."

Na hakuwa anadanganya, msije mkamfikiria vibaya. Alikuwa ameigeuza ile nyumba ya zamani ya vibarua kuwa chumba cha kazi, ameweka turubai kubwa la kuchorea ukutani, na kila asubuhi alitoka na farasi akakaa nyasini, akarudi, akapaka rangi. Jioni alichukua kisu akaikwangua yote. Mlima una mahali pa kushika. Mti una mahali pa kushika. Nyika haina. Nyasi zile alfajiri ni za fedha, mchana ni kama mkate, upepo ukigeuka zinakuwa kitu kingine ambacho hakina jina, na Ardis akizishika hapa zinamponyoka pale. Mwaka wa pili, bado. Wa tatu, bado. Lile plau likakaa bandani mpaka mbayuwayu wakajenga juu yake, na Oskar kila akipita aliuliza kama ngano imeshaota.

Mara nyingine, akiwa safarini kurudi Saint Paul, kichwa kwenye kioo cha basi, Ardis alijiuliza: kweli siwezi, au sitaki? Swali hilo lilimtafuna. Mtu anayependa kitu chake hajui tena mkono wake unamtumikia nani.

Halafu bei ya ng'ombe ikaanguka, na mvua ikagoma. Ng'ombe wa maskini hazai, ndivyo wasemavyo, na akizaa dume. Leland aliuza mitamba aliyokuwa akiitegemea. Mkewe, Bernadine, akaanza kwenda mjini kupika katika jiko la shule. Ardis aliporudi kiangazi hicho aliona wifi yake na mdogo wake wamekonda wote wawili. Siku moja alikuwa anamsaidia Bernadine kuanika nguo.

"Wifi, nikuulize," Bernadine akasema, kibanio kiko mdomoni. "Hiyo picha ina mwisho?"

"Nikiupata utakuwa wa kwanza kujua."

"Mimi sina ugomvi na nyasi zako. Kusema kweli hata mimi nazipenda. Lakini naondoka hapa kuku hawajaamka kwenda kupikia watoto wa watu. Mume wangu ameanza kuongea na dari. Na kule kuna ardhi imelala usingizi. Wewe ukishachoka na sisi unapanda basi unaenda kwenye mshahara wako. Sisi tunabaki."

Ardis alishika shuka lenye maji asijue alianike wapi. "Mwambie avunje neno basi. Sitamlaumu. Nitalia, lakini sitamlaumu."

"Nani, Lee? Avunje neno mbele ya Oskar Fjeld?" Bernadine akatoa kibanio mdomoni. "Huyo atatafuna kofia yake kwanza."

Wakacheka, kwa kuwa ni kweli. Yale maneno yalimwingia Ardis. Aliona kwamba hamu yake, ambayo siku zote aliihesabu kuwa ni jeraha lake peke yake, ilikuwa imekaa kwenye meza ya watu wengine na inakula chakula chao. Akapiga moyo konde. Akaipigia simu kampuni ya mbegu kwamba harudi mpaka kazi iishe, na safari hii atamaliza kweli, atake asitake.

Akajitia kazini kama punda. Na jambo lenyewe, lilipokuja, lilikuja kwa upuuzi. Mvua ilinyesha siku moja, ya kwanza baada ya muda mrefu, naye akajilaza kifudifudi kwenye nyasi mbichi alivyokuwa akifanya utotoni, na pua yake iko karibu na mashina. Akaona wekundu. Chini ya kijani chote, chini ya manjano yote aliyokuwa akihangaika nayo, mashina yalikuwa mekundu, wekundu wa manyoya ya ndama. Miaka yote alikuwa akianzia juu. Akarudi mbio, akalipaka turubai zima rangi nyekundu ya kutu, Bernadine akachungulia akadhani wifi yake amerukwa na akili. Rangi ilipokauka akaanza kuweka nyasi juu yake, kidogo kidogo, akiacha ule wekundu upumue.

Na nyasi zikasimama. Siku baada ya siku zikasimama, upepo ukaingia ndani yake, na mbingu ikakaa mahali pake bila kushikiliwa. Ardis alikuwa anachora huku anaogopa. Mkono haukumsikiliza tena, ulikuwa unakwenda wenyewe. Asubuhi moja alirudi nyuma hatua chache, akatazama, akajua. Mchoraji hujua, kama mfugaji anavyojua kwamba ndama atasimama.

Ilikuwa imekwisha.

Akachukua kisu. Hilo alikiri mwenyewe baadaye. Alikiweka ubavuni mwa picha, pale pembeni, kiasi cha kukwangua upana wa kiganja tu, na nani angejua? Kaskazini ingepata mwaka mwingine. Lakini hakuweza. Kwanza alikuwa ametoa mkono. Pili, salaale, ilikuwa nzuri! Hajawahi kuchora kitu kama kile na hatachora tena. Kulikuwa na ukumbi mmoja wa maonyesho huko Saint Paul uliokuwa ukimwomba picha kubwa kwa ajili ya majira ya baridi, na yeye aliitaka picha hii ikae pale, imulikwe na taa, watu wasimame mbele yake na makoti yao. Alilitaka hilo kwa moyo wote. Kisha akalikumbuka plau.

Akatoka mlangoni akaita, "Lee! Njoo!"

Leland alikuja anafuta mikono yake kwenye suruali. Aliingia, akasimama. Halafu akavua kofia, na Leland huvua kofia kanisani, mazishini na mezani kwa mkewe, basi. Alisimama pale kwa muda mrefu hata Ardis akaanza kusikia bati la paa linavyogonga.

"Pale," Leland akasema hatimaye, akinyoosha kidole bila kugusa. "Pale ndipo farasi aliponibwaga. Ukanibeba mgongoni mpaka nyumbani, mimi nalia, na wewe unaniambia ninyamaze baba asisikie."

"Sijachora jiwe pale, Lee. Wala kichaka. Ni nyasi tupu."

"Najua. Ni pale pale."

"Imekwisha," Ardis akasema. "Mimi kwa upande wangu imekwisha. Nimeuona mwisho wake. Sasa useme wewe."

Leland aliizungusha kofia mikononi. Alitazama picha, akatazama mlango, ambako mtu angeweza kuona banda na ncha ya lile plau, na zaidi yake, mbali, mstari wa Kaskazini wenyewe.

"Haijaisha," alisema.

"Nini?"

"Haijaisha, dada."

"Wapi haijaisha? Nionyeshe! Weka kidole."

"Mimi najua nini cha picha? Nakwambia haijaisha."

Ardis alipandwa na hasira. "Leland Nygaard, tazama vizuri. Usinitanie. Hii ndiyo picha niliyokuwa naitafuta tangu nikiwa na mkaa mkononi, na wewe unajua, nimekuona uso wako! Maisha yangu yote hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kusimama mbele ya kitu changu akaniambia, Ardis, ni nzuri. Hakuna! Sema mara moja tu. Ni neno moja, litakugharimu nini?"

"Nikilisema, kesho nafunga plau."

Alilisema kwa sauti ya chini, akiwa ameinamisha macho.

"Nimetoa mkono mbele za watu," akaendelea. "Siwezi kurudi nyuma, unanijua. Wewe umeshasema yako. Nikisema yangu, basi tena. Kwa hiyo unataka niliseme? Niambie wewe. Ukitaka, nitalisema."

Ardis alimtazama mdogo wake: mikunjo ya shingo, mikono iliyopasuka, shati ambalo Bernadine amelitia kiraka kola. "Na Berna?" alimuuliza.

"Berna niachie mimi."

Upepo uligonga bati. Ardis alifikiria ule ukumbi na taa zake. Picha ikienda kule itaandikwa gazetini, gazeti litafika Brandvold, na Oskar Fjeld atakuja na nakala mkononi kuuliza kazi ya plau inaanza lini. Picha ambayo haijaisha haiwezi kutoka chumba hiki. Haiwezi kutiwa sahihi. Aliligeukia turubai lake, akalitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake anapolala, akatamani sana, akatamani mpaka ikamuuma, kusikia lile neno.

"Kweli," alisema. "Pale juu, karibu na mbingu. Bado."

"Nilijua," Leland akasema, akavaa kofia yake, akatoka.

Dirisha lilikuwa wazi. Ardis akamsikia Bernadine anauliza kutoka mlango wa jikoni, "Vipi? Imekwisha?"

"Bado."

"Bado tena?"

"Bado, Berna. Nitaomba kazi ya kuendesha lori la nafaka wakati wa baridi. Nimeshaongea nao."

Ardis alishika ukingo wa kitanda cha vibarua, anangoja wifi yake apige kelele, na moyoni anakiri kwamba angekuwa na haki ya kupiga.

"Nenda kamwambie aje ale," Bernadine akasema. "Viazi vinapoa."

Ardis alikaa kitandani akailia ile picha ambayo haitavuka mlango ule yeye akiwa hai. Kisha akanawa uso kwenye ndoo, akaenda kula.